Mwokaji Mikate Kwenye Kesi ya Ukuta

3 Machi, Jumatatu

Mvua ya kwanza imenyesha leo saa nne asubuhi, na saa nne na nusu paa la masijala likaanza kuvuja palepale lilipovuja mwaka jana. Nimeweka ndoo. Nimeanza daftari hili pia, kwa sababu mume wangu anasema kila nikirudi kazini namjaza masikio, na yeye akishashinda juu ya ngazi anapaka rangi kuta za watu anataka kula kwa amani. "Andika, mama watoto," amesema. "Daftari halitakusinzilia kama mimi." Haya, naandika.

Mimi ni karani wa mahakama ya hakimu, mwaka wa ishirini na sita huu. Hakimu anaandika kwa mkono kila linalosemwa na shahidi, kwenye karatasi zisizo na namba, maana anasema akianza kuhesabu kurasa maneno yanampita. Mimi ndiye ninayezipanga, nazitia namba, nazitoboa na kuzifunga kamba ndani ya jalada. Mfungwa akikata rufaa, nachapa mwenendo mzima wa kesi, natia sahihi kwamba nakala ni sahihi, kisha unakwenda mahakama ya juu. Jaji wa rufaa hamwoni shahidi hata mmoja. Anasoma nilichochapa mimi, basi.

Majalada kumi na tisa yananisubiri.

4 Machi, Jumanne

Dada wa mwavuli amekuja, kama kila Jumanne. Mumewe ni mchomeleaji vyuma, amefungwa miaka minne kwa kumvunja fundi viatu taya kwa nondo. Mwavuli wake una mbavu moja iliyovunjika na unachuruzika kwenye sakafu niliyokwisha kupiga deki.

"Shikamoo mama. Zamu yetu imefika?"

"Marahaba. Bado."

"Bado ngapi?"

"Nyingi."

Akakaa kwenye benchi saa nzima, ananitazama nikichapa. Hakuna kinachoniudhi kama mtu anayenitazama nikichapa.

10 Machi, Jumatatu

Umeme hakuna. Sijachapa hata mstari.

11 Machi, Jumanne

Umeme hakuna. Mwavuli upo.

14 Machi, Ijumaa

Nimeanza jalada la mchomeleaji, angalau nipate kupumua Jumanne. Fundi viatu alieleza vizuri. Alikuwa anafunga kibanda, saa moja kasoro robo jioni, giza linaingia. Walikuwa wamegombana wiki nzima kwa sababu cheche za mchomeleaji zilikuwa zinarukia viatu vya wateja. Akasikia hatua nyuma yake, akageuka, akamwona mchomeleaji, na koti lake la bluu la kazi, ameinua nondo. Baada ya hapo anakumbuka hospitali tu. Alifungwa waya mdomoni wiki saba, anakunywa uji kwa mrija.

Nimechapa mengi, lakini hilo la mrija liliniuma. Nikasema moyoni miaka minne ni michache.

18 Machi, Jumanne

Leo tumekwaruzana. Nilimwambia dada wa mwavuli kwamba jalada lao nimeanza, nikidhani atafurahi. Akauliza, "Umefika kwa mwokaji?"

"Mwokaji gani?"

"Shahidi wetu. Mwokaji mikate. Mume wangu jioni ile alikuwa kwake, anachomelea mlango wa tanuri."

Nikamwambia nimesoma hukumu. Imeandikwa wazi kwamba mshtakiwa alidai alikuwa kwenye tanuri la mikate, lakini hakuleta shahidi yeyote wa kuthibitisha dai hilo.

"Mama, alikuja! Alisimama pale," akanyoosha mwavuli kuelekea chumba cha mahakama, maji yakanirukia. "Nilimwona kwa macho yangu. Na siku ya hukumu mume wangu alipiga kelele kwamba shahidi alikuja, akaambiwa anyamaze."

Kelele hizo nazikumbuka. Nilikuwa nimekaa mbele kabisa. Kila anayefungwa hupiga kelele zake, huyu ana mama mgonjwa, yule hakuwepo, mwingine anamlaumu shemeji. Ukiyabeba yote utakwenda nayo wapi?

"Dada yangu," nikamwambia, "kisichokuwa kwenye karatasi hakikusemwa."

Nilisema kwa kiburi kabisa. Akakusanya mwavuli wake, akaondoka bila kuaga.

19 Machi, Jumatano

Hata hivyo nimekagua. Kurasa moja mpaka arobaini na nne, namba zote zangu, hakuna pengo. Mwokaji hayupo. Baada ya utetezi wa mshtakiwa mwenyewe inafuata tarehe ya hukumu. Nilijua.

21 Machi, Ijumaa

Nimemaliza, nimetia sahihi, nakala imeondoka. Majalada yamebaki kumi na manane.

27 Machi, Alhamisi

Fundi viatu amepita kuuliza kama ni kweli yule bwana amekata rufaa. Nikamwambia ni haki yake. Ni mtu mpole, wa umri wangu, anazungumza kwa upande mmoja wa mdomo na anajifuta kwa leso kila baada ya maneno matatu. Alipoona soli ya kiatu changu inacheka aliniomba nikivue, akatoa sindano na uzi mfukoni, akakishona palepale kwenye benchi.

"Usihangaike, kaka."

"Sihangaiki. Mikono haikuvunjwa."

Akacheka mwenyewe, mimi sikuweza.

1 Aprili, Jumanne

Dada wa mwavuli hakuja. Sakafu kavu.

8 Aprili, Jumanne

Hakuja. Nimejikuta natazama mlango.

11 Aprili, Ijumaa

Mvua mchana kutwa. Ndoo mbili sasa, na sufuria moja niliyoileta kutoka nyumbani. Mume wangu ameitafuta jikoni mpaka akakata tamaa, sijamwambia.

15 Aprili, Jumanne

Niandike polepole, nisije nikaruka kitu.

Leo nilikuwa nachapa rufaa ya kesi ya ukuta. Ndugu wawili wamegombea mpaka, kaka mkubwa akabomoa ukuta wa mdogo wake kwa nyundo, akafungwa miezi sita. Mimi nikichapa sisomi. Macho yanachukua neno, vidole vinaliweka, kichwa kinafikiria mboga ya jioni. Nimechapa ushahidi wa fundi mwashi, nimegeuza karatasi, nimeendelea: "Mimi ni mwokaji mikate. Mshtakiwa namfahamu. Jioni ile alikuja jua halijazama kunichomelea mlango wa tanuri."

Nilikwishachapa mistari sita kabla sijajiuliza tanuri linahusika nini na ukuta.

Nainakili hapa: "Aliondoka kwangu saa mbili usiku imepita. Hakutoka hata mara moja. Mimi ndiye niliyemshikia tochi. Nakumbuka siku hiyo kwa sababu tulichelewa, unga wote niliokuwa nimekanda ukaumuka mpaka ukachacha, na asubuhi yake sikuwa na mkate. Kutoka kwangu mpaka kwa fundi viatu ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Akihojiwa: Sina undugu naye. Namdai kumalizia bawaba moja."

Juu ya karatasi Hakimu ameandika tarehe, 22 Aprili ya mwaka jana. Chini, kwa wino mweusi, kuna namba yangu. Thelathini na moja. Moja yenye kofia, kama ninavyoiandika siku zote.

Siku ile naikumbuka sasa. Kesi hizo mbili zilisikilizwa mchana mmoja. Paa lilivuja juu ya meza, karatasi zikalowa, nikazitandaza kwenye mabenchi zikauke. Zilipokauka nikazikusanya, nikazipanga, nikazitia namba. Nilijisifu, nakumbuka, kwamba hakuna hata moja iliyochanika. Karatasi ya mwokaji niliifunga kwenye kesi ya ukuta, ambayo Hakimu alikuwa amekwisha kuihukumu mchana uleule kwa kumbukumbu, jalada halijafungwa kamba. Miezi mitatu baadaye Hakimu akaketi kuandika hukumu, akafungua jalada nililompa, hakuona shahidi, akaandika kwamba hakuna shahidi.

Huyo mwokaji nilimwapisha mimi mwenyewe. Sura yake haiji hata nikifumba macho. Nimeapisha watu wangapi?

16 Aprili, Jumatano

Nimempelekea Hakimu majalada yote mawili. Alisoma akiwa amesimama, kisha akakaa.

"Namkumbuka," akasema. "Alikuwa na unga kwenye nyusi." Akailaza karatasi mezani. "Na mimi nikaandika kwamba hakuwepo."

"Kosa ni langu, Mheshimiwa."

"La kwako ni la kamba, mama. Hukumu niliandika mimi."

Nikampenda kwa neno hilo. Nikauliza niandike barua leo au kesho. Akavua miwani, akaifuta kwa tai.

"Subiri kwanza. Utambuzi wenyewe ni dhaifu, giza, mtu mmoja, sekunde moja. Jaji atamwachia kwa hilo tu. Kwa nini ujitie kitanzini na mimi pamoja nawe, kwa jambo litakalojimaliza lenyewe?"

Hakimu ni mtu mzuri. Mwaka niliofiwa na mama yangu alikuja mwenyewe, akabeba maji pamoja na wanaume wengine. Nikasema sawa, Mheshimiwa.

17 Aprili, Alhamisi

Sijasema kitu. Mvua.

22 Aprili, Jumanne

Mwaka mzima leo. Sijasema kitu.

24 Aprili, Alhamisi

Nimemwambia mume wangu. Ameacha kula, amenitazama.

"Sasa yule bwana yuko ndani kwa kosa la nani?"

"Hakimu anasema atatoka kwa hoja nyingine."

"Sikukuuliza Hakimu anasema nini."

Nimemnunia mpaka asubuhi.

30 Aprili, Jumatano

Rufaa imepangiwa tarehe 20 Mei. Nimejiambia si mbali.

6 Mei, Jumanne

Fundi viatu amepita tena. Anaogopa. Anasema mtu huyo akitoka watakuwa tena kibanda kwa kibanda. "Nilimwona, dada," akasema. "Nikilala namwona." Nikamtengenezea chai, akainywa kwa mrija anaotembea nao mfukoni, akaona haya kwamba nimeuona.

Nimerudi nyumbani kichwa kinaniwanga. Huyu hasemi uongo. Mwokaji naye sioni kwa nini aseme uongo. Siku ishirini na moja sasa najaribu kukata shauri nani wa kumwamini, na leo ndipo nimejiona. Nani ameniita kwenye kiti hicho? Kazi yangu ilikuwa maneno ya wote wawili yamfikie anayeamua, na nimeyafikisha ya mmoja.

9 Mei, Ijumaa

Mwavuli umerudi. Amekonda. Hakuuliza zamu, alikuja kuniuliza fomu ya kuondoa rufaa inajazwaje.

"Kuondoa? Tarehe ishirini hiyo hapo mbele!"

"Hataki tena. Wenzake kule ndani wamemtia hofu. Wanasema jaji akisoma kwamba ulidai una shahidi na shahidi hayupo, anakuona mwongo, anakuongezea miaka. Kuna mmoja aliingia na mitatu akatoka rufani na saba. Jumatatu mkuu wa gereza anawaletea karatasi, atatia sahihi." Akaushika mwavuli kwa mikono miwili. "Hata mimi nimeanza kujiuliza kama kweli nilimwona mwokaji. Uliniambia kisichokuwa kwenye karatasi hakikusemwa."

Niliona aibu mpaka masikio yakawa moto.

"Mwambie asitie sahihi kitu chochote," nikasema.

"Kwa nini?"

"Mwokaji wako nimempata. Nilimfunga mimi kwenye jalada la watu wengine."

Nilitegemea apige ukelele, au anipige mimi. Akakaa tu kwenye benchi.

"Umempata lini?"

"Tarehe kumi na tano."

Akahesabu kwa macho. Leo ni tisa.

"Ya mwezi gani?"

"Uliopita."

Alichukua mwavuli akaenda kuwahi gereza kabla hawajafunga kupokea wageni, na mimi nikaingia kwa Hakimu bila kubisha hodi, jambo nisilowahi kulifanya. Nikamwambia naandika leo. Akasema, "Tulikubaliana, mama." Nikasema tulikubaliana, ndiyo, na sasa sikubali. Hakuniangalia usoni. Jioni nyumbani nikaandika barua kurasa mbili, paa, mabenchi, namba thelathini na moja, na siku zote nilizokaa kimya. Hizo za kimya zilikuwa ngumu kuliko zote. Mara mbili nilizifuta, mara ya tatu mume wangu alisimama nyuma yangu akasema, "Ziache hapo," nikaziacha.

12 Mei, Jumatatu

Nimekwenda mahakama ya juu, nimekula kiapo, nimewakabidhi karatasi halisi na barua. Karani wa kule, mwanamke wa rika langu, alisoma yote kisha akaninong'oneza, "Hata mimi huwa natandaza." Sikujua nicheke au nilie.

Mchomeleaji hakutia sahihi.

14 Mei, Jumatano

Hakimu hajanisalimu siku ya tatu. Majalada ananiletea mlinzi.

16 Mei, Ijumaa

Hakimu ameandika barua yake mwenyewe kwa jaji. Sikuisoma, aliifunga. Ila alinipa mimi niipeleke, na akasema, "Habari za asubuhi, mama."

20 Mei, Jumanne

Nimekaa nyuma kabisa. Mchomeleaji ni mfupi kuliko nilivyomkumbuka, nguo za gereza zinampwaya. Wakili wa serikali alisimama akasema, kwa ushahidi uliopatikana, hana la kupinga. Jaji akamuuliza mrufani kama ana la kuongeza. Akasema, "Mheshimiwa, nilisema haya haya siku ile." Uamuzi tarehe 29.

Nimerudi nimekuta barua mezani. Nimepewa siku saba kujieleza kwa nini nisichukuliwe hatua.

26 Mei, Jumatatu

Nimejieleza. Mistari minne. Mengine yote wanayo.

29 Mei, Alhamisi

Hatia imefutwa, adhabu imefutwa, aachiwe leo hii isipokuwa kama ana kesi nyingine. Hana.

Jaji alisoma ushahidi wa mwokaji wote kwa sauti. Alisema umenyooka na haukutikiswa na swali hata moja, na kwamba mahakama iliyomhukumu mtu bila kuusoma haikumsikiliza. Jina la cheo changu lilitajwa mara tatu. Kila mara nilitazama viatu vyangu.

Nje, dada wa mwavuli alinifuata. Nilikuwa nimeandaa maneno ya kuomba radhi, nimeyakariri tangu Jumatatu. Hakunipa nafasi.

"Miezi kumi na siku kumi na moja," akasema. "Mama, nilikuambia mapema. Ningekuwa nimevaa vizuri ungekwenda kutafuta."

Nikataka kubisha. Nikakumbuka sakafu yangu na deki. Mumewe alikuwa ameshika mfuko wa nguo zake, ananisubiri tumalize kama mtu anayesubiri wakwe. Alinisalimu kwa adabu, "Shikamoo mama," na hilo liliniumiza kuliko maneno ya mkewe.

2 Juni, Jumatatu

Nimeondolewa kwenye kuchapa. Nimepewa ghala la majalada yaliyofungwa, chini, chumba kisicho na dirisha. Paa la masijala limepata fundi. Mvua nayo imekwisha, ndiyo sababu amepatikana.

5 Juni, Alhamisi

Fundi viatu amenitafuta mpaka ghalani. Nilijua atakuja, na nilikuwa namwogopa kuliko barua yoyote. Alisimama mlangoni na leso yake.

"Ni wewe uliyeipeleka ile karatasi?"

"Ni mimi, kaka."

Akatikisa kichwa. "Sikuja kugombana. Siku ile rufani sikuwepo, sikuweza. Nimesikia kwa watu tu. Nisomee."

Kesi imekwisha, jalada limerudi kwangu, kila mtu ana haki ya kusomewa. Nikampa kiti, nikasoma. Jua halijazama. Saa mbili imepita. Tochi. Unga uliochacha. Alisikiliza huku ameshika taya kwa kiganja.

"Tochi aliishika yeye mwenyewe?"

"Ndivyo alivyosema."

"Na mimi nilisemaje?"

Nikafungua nyuma, nikamsomea na maneno yake. Nilipofika kwenye koti la bluu alinyoosha mkono, nikaacha kusoma.

"Koti nililiona," akasema polepole. "Hilo nakufa nalo. Sura..." Akajifuta mdomo. "Nilijua nani mwenye koti, dada. Sura nikaiweka mwenyewe. Mwaka mzima namwona nikilala, na siku ile sikumwona usoni."

Nilimshika mkono, mkono mgumu wenye matundu ya sindano, na yeye akauacha nimshike.

"Basi ni nani?" akauliza.

"Sijui, kaka."

"Maana kibanda nafungua kila asubuhi. Watu wananiletea viatu, napokea, nashona, nawaambia karibuni tena." Akaitazama karatasi mikononi mwangu. "Kumbe huenda na aliyenipiga huniletea."

Kisha akaniomba nimsomee tena tangu mwanzo.